Mpira wa Maji Taka wa Karavani: Anzia Kwenye Shimo

Katika mitaa ya Toongabbie, magharibi ya Sydney, maji machafu yana njia mbili za kuondoka, na njia hizo zimejengwa zisikutane. Ya kwanza ni mtaro wa mvua, ule wenye tundu la chuma pembezoni mwa barabara. Maji yake hayasafishwi popote. Huteremka hadi kwenye kijito cha Toongabbie Creek, na kijito hicho kikikutana na Darling Mills Creek ndipo Mto Parramatta unapoanzia. Ya pili ni bomba la maji taka lililofukiwa chini ya ua wa kila nyumba. Hilo huingia kwenye bomba kuu la kaskazini, ambalo ujenzi wake ulianza 1916 na ambalo leo linafika hadi Blacktown, na kupeleka uchafu mpaka mtambo wa North Head, kwenye majabali ya bahari. Tangu 1990 maji yanayotoka kwenye mtambo huo humwagwa baharini zaidi ya kilomita 3 kutoka nchi kavu.

Mwenye karavani aliyeegesha nyumbani kwake ana mpira wa mita chache tu, na mpira huo ndio unaoamua maji yake yafuate njia ipi. Kwa hiyo uchaguzi wake nauanzia kwenye shimo, yaani mahali maji yatakapoishia, kisha ndipo nirudi nyuma hadi kwenye tangi. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Huanzia dukani, huulizia bei na urefu, halafu wakifika kambini wanagundua kwamba walichobeba hakiingii kwenye tundu lililopo, au kinaingia lakini kinavuja.

Chanzo kimoja cha makosa hayo ni kwamba maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya Marekani. Huko magari-nyumba mengi yana matangi mawili ya maji machafu, moja la choo na jingine la jikoni na bafuni, na kambi nyingi zina tundu la maji taka penye kila nafasi ya kuegesha. Mpira wao wa kawaida ni mnene, wa inchi 3, yaani karibu milimita 76. Australia mambo ni tofauti. Karavani nyingi za hapa zina choo cha kaseti, yaani kisanduku cha lita 18 hadi 20 kinachochomolewa kwa nje kupitia kijimlango, kikabebwa kwa mkono au kukokotwa kwa magurudumu yake hadi kwenye kituo cha kumwagia. Mwenye choo cha namna hiyo hahitaji mpira wa inchi 3 kabisa. Mpira anaouhitaji ni mwembamba, wa milimita 25 hadi 40, wa kutolea maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Familia ya Kikenya au ya Kikongo inayojiandaa kukodi karavani wakati wa likizo ya shule ingeweza kuokoa fedha na usumbufu kwa kumuuliza mwenye gari swali moja tu: choo ni cha kaseti au cha tangi?

Tuanze na huo mwembamba, kwa kuwa ndio unaowahusu wengi na ndio unaodharauliwa.

Maji ya jikoni na bafuni huonekana hayana madhara. Yana sabuni, mafuta ya kupikia, punje za wali, nywele na ngozi, na yakilala siku mbili kwenye joto hunuka vibaya. Karavani nyingi, hasa za zamani, hazina tangi la kuyahifadhi. Yanatoka moja kwa moja kwenye tundu chini ya sakafu. Mpira usipofungwa, yanamwagikia ardhini. Kambi za kulipia huwa na kitundu cha kuyapokea pembeni mwa nafasi ya kuegesha, na mpangaji anatakiwa aunganishe mpira wake hapo. Nyumbani Toongabbie, mahali pake ni kwenye gali trapu, lile shimo lenye kichungi nje ya ukuta wa jikoni au wa chumba cha kufulia, ambalo limeungwa na bomba la maji taka. Si kwenye tundu la barabarani. Sheria ya mazingira ya jimbo la New South Wales ya 1997, kifungu cha 120, inakataza kuchafua maji, na kijito ni maji hata kama kinapita nyuma ya maegesho ya magari. Pembeni mwa kijito hiki ndipo serikali ya kikoloni ilipoanzisha shamba lake mwaka 1791, kwa kuwa palikuwa na udongo na maji ya kulimia. Leo bata na mikunga wanaishi humo, watoto wanapita kwenye njia za kando yake, na chochote kinachoachwa barabarani kinawafikia mvua ikinyesha.

Katika kuchagua mpira huu, jambo ninaloliweka mbele ya bei ni hali ya ndani yake. Ipo mipira yenye mikunjo nje na ndani, na ipo yenye mikunjo nje lakini ndani ni laini. Ukikata kipande cha ule wa kwanza baada ya msimu mmoja wa kambi, utaona kila mkunjo una pete ya mafuta yaliyoganda, ya rangi ya jivu, na juu yake punje za chakula zilizonasa. Hapo ndipo harufu inapotoka, na suuza ya kawaida haiifikii. Mpira laini kwa ndani hauachi mahali pa kunasia. Ni ghali kidogo na haukunjiki kwa urahisi kama mwenzake, lakini mimi ningeulipia bila kusita.

Kipenyo kina maana kuliko kinavyoonekana. Mpira wa milimita 40 una nafasi ya kupitisha maji karibu mara mbili na nusu ya ule wa milimita 25. Kwa karavani ya watu wawili huo wa 25 unatosha. Kwa familia yenye watoto watatu wanaooga mmoja baada ya mwingine, maji yatarudi juu na kusimama miguuni mwao. Hata hivyo, kupanua mpira hakusaidii ikiwa tundu la gari lenyewe ni la 25. Maji hayawezi kupita mengi kuliko tundu linavyoruhusu. Pima kwanza, kwa rula, tundu la gari na tundu la kambini, na ubebe kipande cha kuunganishia vipenyo tofauti.

Halafu upo mteremko. Kanuni za mabomba za Australia na New Zealand zinataka mabomba membamba ya maji taka yateremke sentimita 2.5 kwa kila mita, na kipimo hicho kinafaa kuufuata hata kwa mpira. Mpira wa mita 4 basi unahitaji kushuka sentimita 10 kutoka gari hadi shimo. Penye uwanja tambarare hilo halipatikani kwa kuutupa mpira chini. Unawekewa vitegemeo, virefu karibu na gari na vifupi karibu na shimo. Pasipokuwa na mteremko mpira hulegea katikati, na pale ulipolegea maji hubaki. Hiyo ndiyo sababu mpira mrefu mno ni hasara. Beba vipande viwili vifupi vinavyoungana, uunge pale tu umbali unapodai.

Sasa ule mnene, wa tangi la choo, unaotumika kwenye magari-nyumba makubwa na baadhi ya karavani. Huu hauvumilii uzembe, na sababu ni ya hesabu tu. Mpira wa milimita 76 hubeba karibu lita 4.5 kwa kila mita. Wa mita 6 ukijaa una lita 27, na kichwa chake kikichomoka ukiwa umejaa, hizo lita 27 za kinyesi ziko miguuni mwako. Kwa hiyo nguvu ya kiungo ina uzito kuliko rangi ya mpira au jina la kampuni. Kiungo cha kawaida kina masikio madogo yanayoingia kwenye ndoano za upande wa gari na kuzungushwa mpaka yabane. Kipime mara moja kwa mkono kabla ya kufungua koki: kishike, kivute kuelekea kwako, kisha ujaribu kukizungusha upande wa kurudi. Kikicheza, kuna sikio lililovunjika au raba ya ndani imetoka mahali pake. Usifungue.

Vifaa vinavyotengenezewa mipira hii vinatofautiana sana. Vinaili ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayoharibika upesi kwa jua. Inalainika kwenye joto na inakuwa ngumu asubuhi za baridi. Polioleifini ni nyepesi. Mchanganyiko wa plastiki na raba unakunjika vizuri na kuvumilia joto zaidi. Poliyurethani inastahimili kukwaruzwa kwenye kokoto, na bei yake inaonyesha hivyo. Unene wa ukuta kwenye mipira ya Kimarekani huandikwa kwa mili, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya inchi: mpira wa mili 15 una ukuta wa karibu milimita 0.4, na wa mili 23 unakaribia 0.6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotenganisha mpira wa msimu mmoja na wa miaka kadhaa. Kwa magharibi ya Sydney ningekataa vinaili nyembamba moja kwa moja. Tarehe 4 Januari 2020 kipimajoto cha Penrith, magharibi zaidi ya Toongabbie, kilifika nyuzi 48.9. Mpira ulioachwa kwenye saruji siku kama hiyo hauhitaji kukanyagwa ili uharibike.

Kukanyagwa kwenyewe ni suala la waya. Mipira mingi ina waya wa chuma uliojizungusha ndani ya ukuta ili isibonyee. Gurudumu likiupita, waya hukunjika na kubaki umekunjika, na pale panakuwa na koo jembamba ambalo karatasi ya chooni haikosi kunasa.

Hapa inafaa kutazama Dar es Salaam, kwa sababu kuna mkanganyiko unaotokana na kufanana kwa mipira. Mpira wa gari la kunyonya maji taka, ule tunaouona ukivutwa vichochoroni kabla gari halijaelekea kwenye mabwawa ya Vingunguti, una kipenyo kinachokaribia huu wa gari-nyumba. Kazi yake ni nyingine kabisa. Ule unanyonya: ndani yake hewa imeondolewa, na kani ya hewa ya nje inataka kuubonyeza, hivyo ukuta wake ni mgumu na mzito. Nao una kikomo, kwa kuwa kwa nadharia hakuna mashine inayovuta maji kwenda juu kupita mita 10 hivi, na tope zito huvutika kwa taabu zaidi ya maji. Mpira wa gari-nyumba haunyonyi, unateremsha tu. Ukiufunga kwenye pampu ya kuvuta utajikunja na kuziba. Na ule wa gari la kunyonya, ingawa ni imara, ni mzito na mgumu mno kukunjwa ndani ya kisanduku cha karavani. Muuzaji anayekwambia mpira wowote wa inchi 3 unafaa hajaulizwa swali la kutosha: ni wa kuvuta, wa kusukuma, au wa kuteremsha?

Kusukuma nako kupo. Ipo pampu ndogo ya umeme wa betri ya gari inayosaga uchafu na kuusukuma kupitia mpira mwembamba wa inchi moja hivi, hata kwenda juu. Inawafaa wenye kituo kilicho juu kuliko gari. Lakini mpira wake lazima uwe wa kustahimili kani, na isipite kipande cha kitambaa wala karatasi ngumu. Hata kwa pampu hiyo, watakaotaka kumwaga tangi la choo nyumbani wasilielekeze kwenye gali trapu, ambayo ni shimo la wazi uani. Waende kituoni, au wamlipe fundi bomba mwenye leseni awawekee kiungo cha kufunika. Mwenye kaseti hana shida hiyo, kwani choo cha nyumbani kinampokea.

Vituo vya kumwagia vimeongezeka Australia, na sehemu ya sifa ni ya chama cha wenye magari-nyumba, Campervan and Motorhome Club of Australia, kilichosaidia halmashauri za miji midogo kuvijenga. Kituo chenyewe ni beseni au tundu lenye mfuniko, pamoja na bomba la kusuuzia. Maji ya bomba hilo si ya kunywa. Baadhi ya miji midogo huviunga kwenye tangi la septiki, na hapo dawa ya kaseti inakuwa jambo la wote: dawa zenye fomaldehaidi huua bakteria wanaosaga uchafu, na septiki ikifa kituo hufungwa. Nunua dawa iliyoandikwa kwamba inafaa kwa septiki. Wala usimwage dawa ya klorini ndani ya kaseti yenye mkojo, kwa kuwa vikichanganyika hutoa gesi inayochoma macho na mapafu.

Utunzaji unaanza kabla ya kumwaga. Koki ya tangi la choo ikae imefungwa mpaka tangi lipite nusu, na vizuri zaidi likaribie theluthi mbili. Wanaoiacha wazi kambini, wakidhani wanajirahisishia, huyaacha maji yakimbie na kinyesi kibaki, kikauke na kujenga kilima chini ya choo ambacho hakiondolewi kwa maji. Siku ya kumwaga, choo hutangulia, maji ya bafuni hufuata, kwa sababu hayo yenye sabuni ndiyo yanayosuuza mpira. Kisha unafunga koki zote, unachomoa upande wa gari kwanza ukiwa umeuinua, na kuupandisha mpira hatua kwa hatua kuelekea shimoni mpaka tone la mwisho lishuke. Mpira wa kusuuzia uwe wa peke yake, wenye rangi tofauti, na ncha yake isiingizwe ndani ya ule mchafu. Bomba la mtaa likipungukiwa kani ghafla, maji hurudi nyuma na kuvuta chochote ambacho ncha imezama ndani yake. Mpira wa maji ya kunywa, wenye alama ya kiwango cha AS/NZS 4020, ukae kisanduku kingine, na aliyeshika huu wa uchafu avue glavu na kunawa kabla ya kuugusa.

Mara moja kabla ya kila msimu fanya jaribio hili uani. Ziba ncha moja kwa kifuniko chake, mimina lita mbili tatu za maji safi, ziba ncha ya pili, kisha ulaze mpira juu ya boksi kavu na kuubingirisha polepole. Boksi litaonyesha madoa. Mara nyingi matundu huwa mahali pawili: sentimita chache kutoka kwenye kiungo, panapokunjwa kila siku, na upande wa chini unaosuguliwa na ardhi. Tundu la karibu na kiungo lina dawa. Viungo vingi vimesokotwa kwenye mzunguko wa mpira kama skrubu. Unakifungua, unakata kipande kibovu, unakisokota upya na kukaza klipu. Tundu la katikati sishauri kulizungushia utepe. Utepe huo utashika maji safi ya jaribio na kuachia siku tangi limejaa.

Raba za viungo zinapakwa mafuta ya silikoni. Mafuta ya mgando yanayotokana na petroliamu huzivimbisha, zikaacha kubana. Kwa kuosha, maji ya vuguvugu na sabuni nyepesi yanatosha. Maji yanayochemka yanalegeza plastiki, na klorini kali inakausha raba. Kwenye mpira wa jikoni, kinga ni kufuta sahani kwa karatasi kabla ya kuziosha, mafuta yasifike kwenye bomba kabisa.

Baada ya kukauka, mpira uzibwe ncha zote mbili na ufichwe jua. Waaustralia wana utaratibu mzuri: hufunga chini ya karavani bomba la plastiki la milimita 100 lenye vifuniko, na mpira hulala humo umenyooka, mbali na viti, matandiko na chakula. Anayetaka kuona jinsi wengine walivyolifunga anaweza kwenda kwenye maonyesho ya karavani yanayofanyika uwanja wa Rosehill Gardens, si mbali na Toongabbie, akainama na kutazama chini ya magari.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, hesabu inabadilika. Vituo vya kumwagia vya namna hii si vya kawaida kwenye kambi za mbuga zetu wala kando ya barabara kuu. Anayeagiza gari-nyumba lenye tangi kubwa la choo kutoka ng'ambo analeta mpira usiokuwa na shimo la kuungia, na atabaki kutegemea gari la kunyonya, ambalo mpira wake hauna kiungo cha kushikana na tangi la gari-nyumba. Kaseti inamwagika kwenye choo chochote, cha maji au cha shimo, iwe Voi au Mikumi. Kwa sasa ndiyo ningemshauri achukue.

Mpira uliochoka, uliopasuka katikati au kupoteza umbo lake, unaoshwa kwanza, halafu unakatwa vipande vifupi na kutiwa kwenye pipa la mfuniko mwekundu. Pipa la mfuniko wa njano ni la vitu vinavyotengenezwa upya, na mipira hujizungusha kwenye mashine za kuchambulia na kuzisimamisha. Kabla ya kuutupa, fungua viungo vyake na klipu, ukague masikio na raba. Vikiwa vizima, vioshe na uvitunze. Mpira mpya unaweza kuuzwa bila viungo, na mara nyingi hivyo ndivyo unavyopatikana kwa nafuu.